Tuisheni ya GMAT hapa Mwanga, Kigoma: darasa zuri, kijitabu kibovu

Nimemaliza Jumamosi nane za tuisheni ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, hapa Mwanga, na kwa kuwa haipiti wiki bila mtu kuniuliza "vipi, inalipa?", nimeona niandike mara moja nipumzike. Nilitoa Sh 80,000 za kozi nzima, na Sh 12,000 nyingine za kijitabu. Zile elfu themanini sizijutii. Zile kumi na mbili ningenunulia samaki aina ya migebuka.

Jina la mwalimu silitaji, kwa sababu kuna mabaya nitakayoyasema na mji wenyewe ni mdogo, kesho tunakutana sokoni. Wenyeji watapajua: nyuma ya stesheneri, ngazi za nje, chumba cha juu chenye bati jipya na joto lilelile la siku zote. Chini yake kuna mashine ya kusaga. Ikianza kuunguruma, mwalimu anaacha kusema na kuanza kuandika ubaoni, na ikinyamaza anaendelea pale alipoachia, kama mtu aliyekatiwa simu.

Tulikuwa saba. Mimi ni afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo, nina miaka 34, na Kiingereza changu ni cha ofisini: barua, ripoti, fomu. Alikuwepo kijana mwanasheria anayejiandaa kwa LSAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani), dada mmoja mhasibu wa hospitali, walimu wawili wa sekondari, na vijana wawili waliomaliza chuo ambao nadhani walitumwa na baba yao. Wote shida yetu ilikuwa moja. Hesabu tunazikumbuka, au tukikaa nazo zinarudi. Kinachotumaliza ni vile vifungu vifupi vya hoja: sentensi nne au tano, kisha swali, kisha majibu matano, na matatu kati ya hayo yanafanana kama mapacha.

Kwa asiyejua, GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na takwimu maswali 20. Ile sehemu ya lugha imebaki na mambo mawili tu, ufahamu na hoja. Maswali ya kusahihisha sarufi yameondolewa. (Hili la sarufi lishikeni, nitalirudia nikifika kwenye kijitabu.) Kwa hiyo ukiwa dhaifu kwenye hoja huna tena pa kujifichia.

Siku ya kwanza mwalimu alitugawia karatasi yenye vifungu kumi, akasema: pigeni mstari chini ya hitimisho la kila kifungu. Hakusalimia sana, hakueleza. Dakika ishirini. Nilipata vitatu. Aliyetuzidi alipata vinne. Tulipobadilishana karatasi tukajiona wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja: kila mtu alikuwa amepiga mstari sentensi ya mwisho, karibu katika kila kifungu.

"Nani kawaambia hitimisho linakaa mwisho?" akauliza.

Kimya. Kisha yule mwanasheria: "Mwalimu, si ndiyo maana likaitwa hitimisho?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema swali hilo huulizwa kila kundi na kwamba ndilo analolisubiri. Hapa ndipo alipoipata pesa yangu. Sisi tumefundishwa insha tangu shule ya msingi: utangulizi, kiini, hitimisho. Hitimisho ni aya ya mwisho, unaweka nukta, unapeleka daftari. Neno lenyewe ni ndugu wa kuhitimu, na wa ile hitima inayosomwa Ujiji msiba unapofika mwisho. Masikio yetu yanasikia "mwisho" kabla akili haijauliza chochote. Lakini hitimisho la hoja halihusiani na mahali lilipokaa. Linaweza kuwa sentensi ya kwanza kabisa, linaweza kujificha katikati, linaweza hata lisiwemo kwenye kifungu likawekwa ndani ya swali lenyewe. Linajulikana kwa kazi yake: ni lile jambo ambalo sentensi nyingine zimekuja kulitetea.

Akalifuta neno hitimisho ubaoni na kuandika "dai kuu". Kwa wiki nane hakulitumia tena lile la kwanza. Wengine wataona ni kuchezea maneno. Mimi nasema hicho ndicho kitu kimoja kilichonisaidia kuliko vyote, kwa sababu video za intaneti zote nilizotazama zilinifundisha alama za Kiingereza, na hakuna hata moja iliyoweza kujua kwamba tatizo langu limeanzia kwenye daftari la insha la darasa la sita.

Nitawapa kifungu kimoja alichotunga mwenyewe, maana kinaonyesha namna anavyofundisha. Alikisema kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye:

"Halmashauri inapanga kuhamishia soko la samaki mbali na mwalo. Wanaopinga wanasema wachuuzi watapoteza wateja. Wanakosea. Soko la sasa halina barafu, na samaki aliyeoza hana mteja hata ukimuuzia mlangoni."

Dai kuu ni lipi? Wanne tukasema: soko lihamishwe. Mhasibu akasema: soko la sasa halina barafu. Vijana wa baba yao wakasema wachuuzi watapoteza wateja.

Wote tumekosa. Dai kuu ni lile neno moja, "wanakosea". Ukilifungua linasema: si kweli kwamba wachuuzi watapoteza wateja. Basi. Aliyeandika hakusema popote kwamba soko lihamishwe. Pengine naye hataki lihamishwe, pengine ana sababu nyingine kumi za kulipinga. Alichokataa ni sababu moja ya wapinzani. Sisi tulimsukuma hatua moja mbele ya pale aliposimama. Mwalimu anauita ugonjwa huu "kumsaidia mwenye hoja", na anasema watunga mtihani wanaujua vizuri, kwa hiyo jibu la "soko lihamishwe" halikosi kuwemo kwenye yale matano, tena limevaa vizuri.

Mhasibu alipiga sababu mstari akidhani ni dai. Vijana walichukua dai la upande wa pili, lile linaloanza na "wanaopinga wanasema". Hilo nalo lina dawa yake: ukiona kifungu kinafunguliwa na "baadhi ya watu wanaamini" au "kwa kawaida hufikiriwa", jua mwandishi anajenga ukuta ili aubomoe, na dai lake huwa linakaa jirani na "lakini" au "hata hivyo" inayofuata. Mara nyingi, si mara zote. Mwalimu anakazia sana hilo la "si mara zote".

Kipimo chake kikuu ni swali moja, "kwa nini niamini?" Ichukue sentensi unayoishuku, iulize kwa nini niamini. Kama ndani ya kifungu kuna sentensi nyingine inayojibu, uliyoishika ni dai. Kama hakuna inayojibu, uliyoishika ni sababu au ni maelezo ya mandhari. Ukibaki na mbili zinazogombana, ziunganishe kwa "kwa hiyo", mbele nyuma, usikilize ni upande gani unaoingia akilini. Soko halina barafu, kwa hiyo wanakosea: inakwenda. Wanakosea, kwa hiyo soko halina barafu: unajisikia mjinga ukiitamka.

Wiki ya tatu alituletea reli, na hili nitalikumbuka hata nikizeeka. Kuna vifungu vyenye madai mawili. Dai la kwanza linatetewa na ushahidi, halafu lenyewe linageuka kuwa ushahidi wa dai la pili. Kitaalamu ni dai la kati. Tulikuwa tunachanganyikiwa kila mara, kwa sababu kipimo cha "kwa nini niamini" kinapita kwa yote mawili. Mwalimu akachora mstari ubaoni: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Akasema, reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mtu angeweza kusema imefika. Lakini mwaka 1914 ikafika hapa kwetu ziwani, na mbele yake hakuna kituo, ni maji. Dai kuu ni Kigoma. Dai la kati ni Tabora: kweli umesafiri kufika pale, kweli ni mji, lakini treni inapiga honi inaendelea. Swali la kujiuliza si "je, tumefika mahali?" bali "je, kuna mtu anapandia hapa kwenda mbele?"

Mmoja wa wale walimu wa sekondari ni Mnyamwezi wa Tabora hasa. Alikasirika nusu utani nusu kweli. Akasema Tabora ni njiapanda, treni ya Mwanza inaanzia pale, msituonee. Mwalimu hakukosa jibu: ndiyo maana ni hatari, mzee wangu, dai la kati linaweza kukupeleka kwingine usikokusudia. Mpaka leo tukikutana yule mzee tunamwita Dai la Kati. Anaitikia.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho sijakikuta kwingine. Neno "kwa sababu" lina kazi mbili. Ukiniambia "treni itachelewa, kwa sababu mafuriko yamesomba tuta", unanithibitishia jambo ambalo nilikuwa silijui. Hiyo ni hoja. Lakini kama wote tumekaa stesheni tangu alfajiri na treni haipo, ukasema "treni imechelewa kwa sababu mafuriko yamesomba tuta", huthibitishi kwamba imechelewa, hilo tunaliona kwa macho. Unaeleza chanzo. Hapo dai lako limehama: sasa unadai kwamba chanzo ni mafuriko, na mwenye kukupinga atasema hapana, ni injini. Maneno yaleyale, dai tofauti. Mtihani unapenda sana mchezo huu. Unaanza na jambo la ajabu lililokwisha kutokea, unafuata na maelezo ya chanzo, na maswali ya kudhoofisha hoja mara nyingi hujibiwa kwa kuleta chanzo kingine.

Na Kiingereza chenyewe kina mitego yake. "Since" ni "tangu" na pia ni "kwa kuwa". "While" ni "wakati" na pia ni "ingawa". Alitupa karatasi nzima ya hayo, tukapita haraka. Ni ya kukariri tu, haina utamu.

Utamu ulikuwa wiki ya tano, siku ya dagaa. Kuna aina ya maswali ambayo kifungu hakina dai lolote, kina taarifa tupu, na wewe ndiye unayetakiwa kusema ni jambo gani lazima liwe kweli. Akatuandikia: wavuvi wa dagaa huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza, usiku wa mbalamwezi kali taa hazivuti vizuri, na wavuvi wengi hawaingii ziwani. Lipi lazima liwe kweli? Moja, wakati wa mbalamwezi bei ya dagaa hupanda. Mbili, usiku wa mbalamwezi hakuna dagaa wanaovuliwa. Tatu, kuna usiku ambao baadhi ya wavuvi wa dagaa hubaki nchi kavu.

Watu wanne kati ya watano tuliokuwepo tulichagua la kwanza, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nimezaliwa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi! Mama yangu ameanika dagaa maisha yake yote. Naijua bei ya mwezi mpevu kama ninavyojua jina langu. Aliyepata ni yule Mnyamwezi, ambaye dagaa kwake ni kitu cha kwenye gunia.

Mwalimu akasema: umejibu kwa kichwa chako, hukujibu kwa kifungu. Kifungu hakijasema neno bei. La pili limevuka mipaka, kutoka "wengi hawaingii" hadi "hakuna". La tatu ni dogo, halina mvuto, hata linachosha kulisoma, na ndilo pekee usiloweza kulikana bila kukana kifungu. Kwenye maswali haya jibu linalochosha lipe nafasi mbele ya linalosisimua. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimweleza mama, akasema mwalimu huyo hajui dagaa. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wiki iliyofuata akatuchokoza tena kwa ziwa, safari hii kwa yale maswali ambayo sentensi mbili zimekolezwa wino na unaulizwa kila moja inafanya kazi gani. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Akaandika hivi: samaki wa ziwa wamepungua (hii imekolezwa), wengi wanalaumu nyavu haramu na wingi wa wavuvi, lakini maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba kuchanganyika na ya juu, hivyo kufunga uvuvi peke yake hakutarudisha samaki wote (hii nayo imekolezwa).

Darasa likawaka. Kaka mmoja ana mjomba mwenye boti, mwingine ana shemeji idara ya uvuvi. Nusu saa watu wanapigania ziwa. Habari ya joto la maji si ya kubuni: watafiti waliichapisha katika jarida la Nature mwaka 2003, na ziwa letu lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo maji ya chini yasipopanda, chakula cha samaki kinabaki kulekule gizani. Lakini mwalimu aligonga meza: "Sijauliza kama ni kweli. Nimeuliza sentensi hii inafanya kazi gani."

Ya kwanza ni jambo ambalo pande zote mbili zinalikubali na kila upande unalitafutia chanzo. Ya pili ni dai kuu. Kazi imekwisha, dakika moja na nusu. Tulitumia nusu saa kwa sababu tulitaka kujua nani yuko sahihi, na mtihani haukuuliza hilo.

Yananisaidia hata kazini, ingawa sikulipia kwa ajili hiyo. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa michikichi. Akakaa, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza mama hajambo, kisha: "Mwanangu, mashine yangu ya kukamua imekufa, msimu ndio huu unaanza, na kumbukumbu zenu hapo zinaonyesha sijawahi kuchelewesha rejesho." Akanyamaza. Nikajikuta natabasamu, maana kifungu kizima kilikuwa ni sababu tatu na dai halimo. Mzee wa heshima hasemi "nipe mkopo". Anakuwekea sababu mezani, dai unaliokota mwenyewe. Nilipomsimulia mwalimu akasema mtihani una adabu ndogo kuliko wazee wetu lakini angalau hautakuachia uokote: wakiuliza kuhusu hoja, dai lipo, litafute. (Mkopo alipata. Sababu ya tatu ilikuwa kweli, nilikagua.)

Sasa kijitabu.

Kina kurasa 96 za fotokopi, gamba la plastiki, na kimeunganishwa kwa ule waya wa stesheneri unaochomoka wiki ya pili. Kurasa 41 za mwanzo ni za kusahihisha sarufi. Narudia: mtihani wa sasa hauna maswali hayo. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likaachwa mwanzoni mwa 2024, kijitabu nimeuziwa mwaka huu. Ukurasa wa utangulizi unasema alama ni 200 hadi 800; za sasa ni 205 hadi 805 na zote zinaishia na tano, kwa hiyo mtu akikwambia amepata 700 kwenye GMAT mpya, muulize vizuri. Sehemu ya takwimu haimo kabisa. Nilipomwuliza mwalimu akasema toleo jipya la kijitabu "linaandaliwa". Sawa. Lakini basi hiki kiuzwe nusu bei, au kigawiwe bure pamoja na radhi.

Kibaya zaidi ni majibu ya nyuma. Swali la 17 la hoja linatoa kifungu kuhusu kiwanda kilichopunguza ajali baada ya kubadili zamu, na dai kuu liko wazi katika sentensi ya pili: viwanda vingine navyo vibadili zamu. Majibu yanasema dai kuu ni kwamba ajali zilipungua. Hiyo ni sababu! Ni kosa lilelile ambalo tulitumia Jumamosi ya kwanza kulitibu. Nilinyoosha mkono nikaeleza kwa kipimo chake mwenyewe, kwa nini niamini, na kwa hiyo, mbele nyuma. Alisoma, akakuna kichwa, akasema pengine kifungu kinaweza kusomwa namna mbili. Hakiwezi. Jumamosi iliyofuata aliingia, akaandika "17 – dada yuko sahihi" kwenye kona ya ubao, akaendelea na somo bila kugeuka. Nilimheshimu zaidi kwa hilo, lakini kijitabu bado kinauzwa na 17 yake vilevile.

Udhaifu wa pili ni saa. Maswali 23 kwa dakika 45 ni kama sekunde 117 kwa swali, na humo yamo na maswali ya ufahamu yenye vifungu virefu. Mwalimu anapenda mjadala. Swali moja tunalizungusha dakika kumi, tunacheka, mashine ya kusaga inalia, tunasubiri, tunarudi. Ndivyo nilivyoelewa, sikatai. Lakini katika Jumamosi nane tulipimwa kwa saa mara moja tu, na siku hiyo umeme ulikatika, feni ikasimama na chumba kikawa tanuri. Nilipofanya jaribio nyumbani, lile la bure linalotolewa na wenye mtihani wenyewe kwenye tovuti yao (yapo mawili, msilipie ya mtaani), niliishiwa muda nikiwa na maswali manne mkononi. Kabla ya kozi nilipata 75 upande wa lugha, baada ya kozi 80, na kipimo chenyewe kinaanzia 60 kuishia 90. Yale manne ningeyafikia, nadhani ingepanda zaidi kidogo. Jambo jingine ambalo darasani halikutajwa: mtihani unakuruhusu kurudi na kubadili majibu, yasizidi matatu kwa kila sehemu. Nililigundua peke yangu, kwenye jaribio.

Tena bando. Darasani hakuna intaneti, kila kitu ni ubao na karatasi. Mtihani halisi ni wa kompyuta. Anayefikiria kuufanyia nyumbani kwa mtandao ajipime kwanza na umeme wa mtaani kwake. Mimi naona ni kujitafutia presha.

Nani aende? Mwanasheria wetu amefaidi kuliko sisi wote, maana LSAT tangu Agosti 2024 imeondoa yale mafumbo ya kupanga vitu, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zenye alama ni hoja tupu. Kwake Jumamosi nane zilikuwa kama kupewa ramani ya nyumba anayokwenda kukaa. Anayefanya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili kwa jumla, asihangaike sana, kule maswali ya namna hii ni machache, yamechanganywa na ufahamu. Anayetafuta hesabu asiende kabisa. Mwalimu anazipitia kama mtu anayekimbilia treni, na siku ya uwezekano alituambia tukasome wenyewe. Wale vijana wawili waliacha wiki ya nne. Sidhani kama kosa ni la mwalimu.

Nikitoa nyota, darasa la hoja nne kati ya tano, moja ameipoteza kwa saa. Kijitabu moja, na hiyo moja ni ya karatasi za majedwali ya maneno mwishoni.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi hadi saa saba, lakini mwalimu hufika saa nne na robo. Kaeni upande wa dirisha la ziwani, upepo unaingia. Bebeni maji. Mama wa chapati pale chini hufunga saa sita, kwa hiyo agizeni kabla ya kupanda. Na msinunue kijitabu: changu nipo tayari kukitoa kwa anayekihitaji, nimeshachana zile kurasa 41 za mwanzo, na swali la 17 nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu.